Pikipiki ni yako, ruhusa ni ya serikali: Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili

Leo tuongelee pikipiki. Lakini siyo boda za hapa. Nataka tuangalie raia wa kawaida wa Uingereza, kuanzia mwaka 1939 mpaka 1945, waliokuwa na pikipiki zao nyumbani kisha vita ikaja. Je, walinyang'anywa? Waliendelea kuendesha? Aliyetaka kununua mpya aliipata wapi?

Jibu fupi ni hili: wengi hawakunyang'anywa. Pikipiki ilibaki kwenye banda, jina la mwenyewe likabaki kwenye karatasi. Kilichoondoka ni ruhusa ya kutembea nayo. Sisi tuliokaa na kadi za mgao na vibali vya kutoka tunaweza kuielewa hii habari haraka kuliko watu wengine.

KABLA YA VITA

Miaka ile pikipiki Uingereza ilikuwa usafiri wa watu wa kipato kidogo. Fundi wa kiwandani, kijana aliyeanza kazi, baba mwenye familia ndogo. Wengine walifunga kigari cha pembeni chenye gurudumu moja, mama na mtoto wakakaa humo, Jumapili wakaenda baharini. Kufika karibu mwaka 1930 nchi ilikuwa na pikipiki zaidi ya 700,000 barabarani. Baadaye magari madogo yakawa ya bei nafuu na watu wakaanza kuhama. Mwaka 1939 pikipiki zilizolipiwa kodi ya barabara zilikuwa kama 418,000 hivi.

Viwanda vilikuwa vingi na vyenye jina duniani: BSA na Norton kule Birmingham, Triumph mjini Coventry, Royal Enfield huko Redditch, Matchless kusini mashariki mwa London. Kwa hiyo tusifikirie nchi isiyo na pikipiki. Hii ilikuwa nchi inayozitengeneza na kuziuza mpaka nje. Bado, kwa raia, zikaadimika.

SEPTEMBA 1939: MAFUTA KWA KUPONI

Uingereza iliingia vitani tarehe 3 Septemba 1939. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 23 Septemba, mgao wa petroli ukaanza. Sababu inaeleweka: karibu petroli yote ilikuja kwa meli kutoka ng'ambo, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinawinda meli hizo. Kila lita iliyomwagwa kwenye tanki la mtu anayekwenda matembezi, kuna baharia aliyehatarisha maisha kuileta.

Mgao ulikwenda kwa kuponi. Mwenye chombo alipewa kitabu cha kuponi kulingana na ukubwa wa injini yake. Injini kubwa kuponi zaidi, injini ndogo kuponi chache. Huo uliitwa mgao wa msingi, na kila mwenye chombo kilicholipiwa kodi alikuwa na haki nao, hata kama safari yake ni ya kwenda kumwona shangazi. Aliyekuwa na kazi maalumu aliomba nyongeza. Hata majina ya kampuni za mafuta yaliondolewa kwenye pampu. Petroli yote ikachanganywa ikawa aina moja, ubora wa chini kidogo, bei moja.

Hapo pikipiki ikaonekana ina akili. Galoni moja ya Kiingereza ni kama lita nne na nusu, na kwa kiasi hicho pikipiki ndogo inakwenda mbali kuliko gari. Kumbe yule aliyechekwa kwa kukosa gari sasa ndiye anayefika kazini. Kati ya 1940 na 1942 pikipiki barabarani zilibaki kama laki tatu hivi. Zilipungua, ndiyo, lakini hazikufa.

GIZA BARABARANI

Kuwa na mafuta tu hakukutosha. Kuanzia tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya vita kutangazwa, usiku wote nchi ilizimwa taa ili ndege za adui zisione miji. Taa za barabarani zilizimwa. Taa ya mbele ya pikipiki ilifunikwa kifuniko kinachoacha mwanga mdogo unaoangalia chini. Watu walipaka rangi nyeupe kwenye madigadi na kwenye kingo za barabara ili angalau kitu kionekane.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Mwaka 1941, wakati vyombo barabarani vimepungua, watu zaidi ya 9,000 walikufa kwenye ajali za barabarani. Hakuna mwaka mwingine katika historia ya nchi ile uliofikia idadi hiyo.

Kisha ikaja hofu ya kuvamiwa. Mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka, vibao vya kuonyesha njia viling'olewa ili adui akishuka asijue yuko wapi. Na raia naye akawa hajui yuko wapi! Juni ya mwaka huo ikawa ni lazima, ukiacha chombo chako mahali, uhakikishe mtu mwingine hawezi kukiwasha. Kwenye gari watu walitoa kifaa kidogo cha mfumo wa cheche na kukitia mfukoni. Ukizembea, polisi waliweza kukizuia chombo chenyewe, na wewe unalipa faini.

JESHI LINAPOHITAJI

Nimesema wengi hawakunyang'anywa. Wengine walinyang'anywa kweli. Sheria za dharura zililipa jeshi uwezo wa kuchukua vyombo vya raia na kulipa fidia. Tangu mwanzo wa vita magari na pikipiki zilichukuliwa namna hiyo. Zilipakwa rangi ya kijeshi, zikapewa namba mpya, zikaenda.

Halafu ikaja Dunkirk. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni 1940 jeshi la Uingereza lilikimbia kutoka Ufaransa kwa meli na boti. Watu waliokolewa, vifaa vikaachwa ufukweni na njiani. Kati ya vilivyoachwa kulikuwa na pikipiki kama 20,000. Hebu fikiria. Jeshi limerudi nyumbani bila pikipiki za wajumbe wake, redio bado ni chache, na adui yuko ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari. Lazima pikipiki zipatikane haraka. Zilizokuwa madukani zikachukuliwa, viwanda navyo vikaagizwa kutengeneza za jeshi.

Ndiyo maana aliyeingia dukani na pesa zake mwaka 1941 alitoka mikono mitupu. Siyo kwamba viwanda vililala. Vilifanya kazi usiku na mchana. BSA peke yake ilitengeneza zaidi ya 120,000 za aina ya M20, yenye injini ya cc 496, nzito, isiyo na mbio, lakini ngumu. Norton walitengeneza karibu 100,000. Karibu zote zilikwenda jeshini.

Na viwanda vyenyewe vilipigwa. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 Coventry ilichomwa kwa mabomu, na kiwanda cha Triumph kikaharibiwa kabisa. Siku tano baadaye mabomu yaliangukia kiwanda cha BSA Birmingham, wafanyakazi 53 wakafa wakiwa kazini. Tukisema "vipuri vilikosekana" tukumbuke watu hawa. Aliyekosa cheni ya pikipiki alikosa kwa sababu mtengeneza cheni alikuwa anatengeneza bunduki, au alikuwa chini ya kifusi.

1942: MLANGO UNAFUNGWA

Mwaka mgumu kuliko yote kwa raia mwenye pikipiki ulikuwa 1942. Serikali ilitangaza kwamba mgao wa msingi utakoma, na kuanzia Julai ukakoma kweli. Tangu hapo hakuna petroli ya matembezi. Ukitaka kuponi uonyeshe kazi yako, na ofisi ikubali kwamba kazi hiyo ina umuhimu kwa nchi, na kwamba huwezi kuifanya kwa basi, treni au baisikeli.

Angalieni hesabu. Kama laki tatu zilizokuwepo mwaka 1942 zilishuka chini ya 130,000 mwaka 1943. Zaidi ya nusu zilipotea barabarani ndani ya mwaka mmoja. Hazikuibiwa wala kuungua. Zilipandishwa juu ya matofali ili tairi zisioze, zikapakwa grisi, zikafunikwa turubai, wenyewe wakaacha kuzilipia kodi. Vijana wengi wenye pikipiki hizo walikuwa wameitwa jeshini. Baba au mdogo wake alibaki anaipangusa vumbi.

Hii ndiyo sababu nasema kumiliki ni jambo moja na kutumia ni jambo jingine. Ukihesabu pikipiki zilizolala mabandani, Uingereza ilikuwa nazo nyingi. Ukihesabu zilizotembea, zilikuwa chache. Serikali haikuhitaji kwenda nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Ilishika kuponi tu, basi.

NANI ALIPITA?

Sasa tuje kwenye orodha, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Ofisi ikisema "muhimu", inamaanisha nani?

Madaktari walipita. Wakunga na manesi wa vijijini pia, kwa sababu mimba haisubiri basi la asubuhi. Polisi, wazima moto, na wajumbe wa ulinzi wa raia walipita. Usiku wa mabomu simu zilikatika, na mtu aliyebeba ujumbe kwa pikipiki kati ya vifusi ndiye aliyekuwa simu. Walinzi wa kujitolea, jeshi la akiba lililoanzishwa Mei 1940, nao walitumia pikipiki za wenyewe kwa doria.

Kulikuwa pia na chombo cha katikati: baisikeli nzito yenye injini ndogo ya cc 98 na pedali zake. Mafuta ikinusa tu inakwenda. Wakati pikipiki kubwa za kiraia hazitengenezwi, hizi ziliendelea kutengenezwa kwa idadi ndogo kwa watu wenye kazi zilizokubaliwa.

Na wanawake. Kabla ya vita mwanamke juu ya pikipiki alitazamwa kwa macho ya mshangao. Vita ikahitaji wajumbe, na wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini wakabeba barua za siri kwa pikipiki hata London ikiwa inaungua.

Mmoja ninayependa kumtaja ni Beatrice Shilling. Alizaliwa 1909 na akasoma uhandisi. Mwaka 1934 alizunguka uwanja wa mbio wa Brooklands na Norton yake kwa mwendo wa maili 106 kwa saa, karibu kilomita 170. Wakati wa vita alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa ndege. Ndege za kivita za Uingereza zilikuwa na tatizo: rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla, kabureta inapoteza mpangilio wa mafuta na injini inakata. Mwaka 1941 Shilling alibuni pete ndogo ya chuma yenye tundu la kipimo sahihi, inayozuia mafuta kufurika. Kisha akazunguka na timu yake kwenye viwanja vya ndege kuifunga, yeye akisafiri kwa ile Norton yake ya mbio. Mnaona? Pikipiki iliyokuwa ya starehe ikawa ya kazi, na ruhusa yake ikaeleweka kwa kila mtu.

Tusijidanganye, magendo yalikuwepo. Watu waliuza kuponi, wengine waliiba petroli ya jeshi, kesi zikafika mahakamani. Lakini kwa sehemu kubwa watu waliukubali mfumo. Walilalamika sana, lakini walikubali. Nafikiri sababu moja ni kwamba sheria ilitangazwa wazi, sababu ikaelezwa, na hata tajiri mwenye gari kubwa aliliona gari lake likilala kama pikipiki ya fundi.

ALIYEACHWA NJE YA ORODHA

Kuna kundi ambalo historia za pikipiki hazilitaji sana, nalo ni la watu kama sisi. Kabla ya vita Uingereza ilikuwa imepokea makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Ujerumani na Austria, wengi wao Wayahudi waliomkimbia Hitler. Mwaka 1940 hofu ilipopanda, walionekana kama maadui kwa sababu ya pasipoti zao. Amri ya mwaka huo ilisema mgeni asiye raia haruhusiwi kuwa na gari, pikipiki, hata baisikeli, bila kibali cha polisi. Usiku alitakiwa awe ndani.

Wengine hawakubaki hata na hiyo nafasi ya kuomba kibali. Kama 27,000 walikamatwa na kuwekwa kambini, sehemu kubwa yao kwenye Kisiwa cha Man. Wapenzi wa pikipiki wanakijua kisiwa hicho, maana tangu 1907 yanafanyika huko mashindano maarufu ya TT. Mashindano ya mwisho kabla ya vita yalikuwa 1939, na hayakurudi mpaka 1947. Katikati ya miaka hiyo, hoteli na nyumba za wageni zilizolala washangiliaji zilizungushiwa seng'enge, wakakaa humo wakimbizi. Wengi waliachiwa ndani ya mwaka mmoja au miwili, serikali ilipoona kwamba iliwafunga watu waliokuwa na sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kumchukia Hitler.

Kwa hiyo ile orodha iliyopangwa vizuri ilikuwa na shimo. Iliuliza "kazi yako ni nini?" kwa raia. Kwa mkimbizi iliuliza "umetoka wapi?" kwanza. Daktari wa Vienna aliyekimbilia London hakuhesabiwa kama daktari mwanzoni. Alihesabiwa kama mgeni.

TAIRI ILITOKA WAPI?

Shimo la pili liko mbali zaidi na Uingereza, na linatufikia nyumbani. Pikipiki inahitaji tairi, na tairi inahitaji mpira. Mpira mwingi wa dunia ulitoka Malaya na visiwa vya jirani. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliteka maeneo hayo, Singapore ikaanguka tarehe 15 Februari. Tairi zikawa ngumu kupata kuliko hata mafuta.

Washirika wakaanza kutafuta mpira popote, na Afrika ikakumbukwa. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji walio upande wa Uingereza. Mwaka huo huo wa 1942 siku za kazi za lazima kwa wanakijiji ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kugema mpira. Wazee waliokumbuka mambo ya Leopold waliyaona tena kwa macho yao. Tanganyika nako mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu enzi za Wajerumani yalifufuliwa, na watu wakapelekwa kwa lazima kufanya kazi humo.

Kwa hiyo mgao haukuwa wa Waingereza peke yao. Raia wa Birmingham alitoa safari yake ya Jumapili. Mwanakijiji wa Kongo alitoa theluthi ya mwaka wake, na hakuwa na pikipiki wala kuponi. Hakuna ofisi iliyomwuliza kama kazi yake shambani ni muhimu.

BAADA YA VITA

Vita ya Ulaya iliisha Mei 1945, na mwezi uliofuata mgao wa msingi ukarudi. Matarubai yakafunuliwa. Mwaka huo pikipiki barabarani zilipita 300,000, na 1946 zikapita hata idadi ya kabla ya vita. Jeshi liliuza pikipiki zake zilizobaki. Mafundi walizinunua, wakafuta rangi ya jeshi, wakapaka nyeusi, na zile M20 nzito zikabeba familia kwa miaka mingi. Mpya bado zilikuwa shida, kwa sababu nchi ilikuwa na madeni na viwanda vilitakiwa kuuza nje kwanza. Mgao wa petroli wenyewe haukuisha mpaka tarehe 26 Mei 1950, yaani miaka mitano baada ya amani.

Binafsi nachukua jambo moja kutoka habari hii. Mgao siyo dhambi. Vitu vikiwa vichache lazima mtu apange nani atangulie, na kumtanguliza mkunga mbele ya mtu wa matembezi ni haki. Lakini mpangaji apimwe kwa maswali mawili: sababu imetangazwa wazi kwa wote? Na kuna mtu aliyeachwa nje ya orodha, ambaye naye anabeba mzigo? Uingereza ilijibu vizuri swali la kwanza. La pili ilishindwa, kwa mkimbizi wa Vienna na kwa mgema mpira wa Kongo.

Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, haya maswali ni yenu pia, na tunayauliza kwa heshima. Vijana wenzangu, kama kuna babu au bibi nyumbani anayekumbuka habari za mpira wa wakati wa vita, mkae naye aongee, muandike, mtuletee hapa. Wiki ijayo zamu ni ya mwingine.